Mtihani wa A1, Ndoa na Mazoea Yetu ya Kukariri

Familia nyingi za Dar es Salaam zikipata mkwe wa Ulaya, hesabu ya kwanza huwa mahari, ya pili sherehe, ya tatu tiketi ya ndege. Mtihani wa lugha haumo kwenye bajeti. Unakuja kujulikana ndoa imeshafungwa, picha zimeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp, bwana kesharudi kazini kwake Hannover, na binti ndiyo kwanza anaambiwa kwamba viza ya kumfuata mume haitoki bila cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya kujifunza lugha. Kikao kinaitishwa upya. Shangazi mtu anauliza presha yote hiyo ya nini wakati mume mwenyewe ni Mjerumani, si atamfundisha hukohuko? Anajibiwa taratibu kwamba hukohuko hafiki mpaka afaulu huku.

Sharti lenyewe si geni. Uholanzi ililianzisha Machi 2006, Ujerumani ikafuata Agosti 2007, Uingereza Novemba 2010. Balozi za nchi zote tatu ziko jengo moja hapa mjini, Umoja House, na watu wanapanda ngazi zile kila siku ya kazi. Bado kila ndoa inalipokea kana kwamba limetangazwa jana usiku.

Msaada haukosekani, tena upo mwingi. Kuna kaka atakayelipa ada, mdogo mtu atakayempakulia programu kwenye simu, mume atakayepiga video kila jioni. Shida ni kwamba nguvu yote hiyo inaelekezwa kwenye njia moja tuliyoizoea tangu darasa la saba: tafuta pasti pepa, kariri majibu, ingia chumbani. Mitihani ya uhamiaji iko ya aina mbili. Ipo ambayo maswali yake yamechapishwa na Serikali ya huko, na hiyo kukariri ndiyo njia yake hasa, wala mtu asione haya. Ipo ambayo mtu anakaa mbele ya mtahini akaongea, na hapo aliyekariri ndiye anayeadhirika. Familia ikizichanganya, binti anaanguka kwenye mtihani uliokuwa mwepesi na anaukimbia ambao angeufanya huku amefumba macho.

Lakini kabla ya kitabu chochote kununuliwa, kuna la kuuliza: huyu unayemfuata ni nani mbele ya sheria ya nchi ile? Sheria ya Ujerumani hapa ina vituko. Ukiolewa na raia wa Ujerumani anayeishi kwao, unadaiwa A1. Ukiolewa na Mfaransa anayefanya kazi Munich, hudaiwi, kwa sababu yeye yuko pale kwa haki ya raia wa Umoja wa Ulaya ya kwenda na kuishi atakako, na haki hiyo inakufunika na wewe. Ukiwa mke wa mhandisi Mtanzania aliyepewa kibali cha kazi kinachoitwa Kadi ya Bluu, nako hudaiwi. Yaani Mjerumani nyumbani kwake ana masharti mazito kuliko mgeni wake. Unaweza kuliita jambo hilo utakavyo, ila mtu asilipie kozi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Uingereza wana mlango wa aina hiyo. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza hafanyi mtihani wa lugha, ilimradi taasisi yao ya kulinganisha vyeti, Ecctis, iithibitishe shahada hiyo. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ana sababu ya kuuliza hilo kabla ya kujiandikisha popote. Asiye na shahada asijitetee kwamba amesoma sekondari nzima kwa Kiingereza. Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi ambazo raia wake wanahesabiwa moja kwa moja kuwa wazungumzaji wa lugha hiyo. Utafiti wa namna hii ndio kazi ya mwenzi aliyeko huko. Yeye anaisoma sheria ya nchi yake kwa lugha yake, anaweza kupiga simu ofisini saa za kazi, na akikosea atajua kwa nini. Cha ajabu, hiyo ndiyo kazi anayoiacha, akakimbilia kufundisha sarufi.

Tuingie sasa kwenye A1 yenyewe, kwa sababu huko ndiko wengi wanakokwama. Mtihani wa ngazi hiyo wa Goethe, taasisi ya Wajerumani ya lugha na utamaduni, unaofanyika pale Upanga, Alykhan Road, una sehemu nne: kusikiliza dakika 20, kusoma 25, kuandika 20, na kuongea takribani 15 kwa kikundi. Alama ya kufaulu ni 60 kati ya 100. Kwenye kuongea, jambo la kwanza ni kujitambulisha kwa kufuata maneno yaliyo kwenye karatasi: jina, umri, nchi, unakoishi, lugha, kazi, unachopenda kufanya. Kila mtu anakuja amezikariri sentensi hizo saba, na mtahini analijua hilo. Ndiyo maana akimaliza kukusikiliza anakuomba vitu viwili ambavyo havikaririki: utaje herufi za neno fulani, moja moja, na useme namba fulani.

Niliwahi kukaa barazani Mwenge na binti mmoja, tumwite Mwanaidi, jenereta la saluni ya jirani likinguruma, akijipima kwa hili. Zile sentensi saba zilimtoka bila kikwazo. Nikamwomba ataje herufi za jina lake. Akaanza: em, dabliu, ei. Akasimama mwenyewe. Kilichomponza ni Kiingereza cha sekondari. Kijerumani kinazitaja irabu karibu kama tulivyozitaja sisi darasa la kwanza, a, e, i, o, u, na mtoto wa shule ya msingi Manzese angefanya vizuri kuliko mhitimu wa kidato cha sita. Ve badala ya dabliu, kisha a, en, a, i, de, i. Mtu akisema "ei" ya Kiingereza mahali pa "a", mtahini anaweza kuandika "e", na jina linageuka la mtu mwingine. Mume wake alikuwa amemsahihisha mambo mengi kwenye simu, lakini hili halikuwahi kumjia, kwa sababu yeye hajui Kiingereza chetu kimekaa wapi vichwani mwetu.

Mazoezi ya hilo yako barabarani, tena bure. Foleni ya Ubungo ina namba za magari za kutosha kumfundisha mtu alfabeti na tarakimu kwa wiki chache: T, halafu tarakimu tatu, halafu herufi tatu. Bajaji na bodaboda nazo zina zake. Asome moja moja kwa Kijerumani mpaka kondakta amshangae. Namba za makumi zinataka mkazo wa pekee, maana Mjerumani anaanza na mamoja ndipo ataje ishirini au thelathini, na sikio letu likisikia "tano" kwanza linaandika tano kwanza. Kwenye sehemu ya kusikiliza, bei na namba ya simu vinaulizwa sana, na kosa la namna hiyo linakula alama ambazo mtu alistahili kuzipata.

Kubwa kuliko yote kwa Mswahili ni saa. Sisi tunaanza kuhesabu alfajiri. Wao wanaanza usiku wa manane. Hilo kila mtu analijua na kila mtu anadhani amelizoea. Sasa ongeza kwamba Mjerumani akitaja nusu anaitaja kwa saa inayokuja: "halb acht" kwake ni saba na nusu kwa saa ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Msikilizaji wa Dar anafanya kazi mara mbili ndani ya sekunde tatu, kushusha nusu na kugeuza saa, na tangazo la treni limeshapita. Si rahisi kupata kitabu cha A1 kilichoandikwa Ulaya kinachomwonya mtu juu ya hili, kwa sababu waandishi wake hawaishi kwa saa zetu. Nashauri wanaojiandaa waibadilishe saa ya nyumbani na kuifuata kama wafuatavyo Wajerumani mpaka siku ya mtihani. Wakipanga kukutana na mtu Kariakoo, wapange kwa saa hiyo. Watachelewa mara chache, ndugu watacheka, lakini sikio litanyooka.

Kwenye kuandika kuna fomu ya kujaza na ujumbe mfupi wa maneno kama 30. Fomu inaonekana kitu cha kitoto mpaka unapofika kwenye jina la ukoo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na katika maisha ya kawaida hakuna anayetuuliza lipi ni la ukoo. Mwenye ofisi anaandika lolote. Wao wanalitaka, na wanataka liwe lilelile kwenye pasipoti, kwenye cheti cha ndoa, kwenye cheti cha lugha. Nakushauri uikague pasipoti kwanza, ukishajua jina lililowekwa kwenye nafasi ya ukoo usilibadilishe popote tena. Vyeti vya mtu mmoja vyenye majina yanayopishana vinaleta maswali dirishani ambayo hayana uhusiano wowote na lugha.

Hapo ndipo ninapoona mume au mke wa kigeni anakosea mara nyingi. Anafundisha vile anavyojua yeye. Mke anasema sentensi, anamkatiza: si "der", ni "das". Anaanza upya, anamkatiza tena. Kwa ngazi ya A1 kinachopimwa kwenye kuongea ni kama umeifanya kazi uliyopewa na kama umeeleweka; kosa la kijineno kama hilo lisiloharibu maana halimuangushi mtu. Lakini aliyekatizwa kila sentensi kwa miezi anaingia chumbani amejifunza jambo moja tu, kunyamaza. Na wapenzi hawa mara nyingi walikutana kwa Kiingereza, kule Zanzibar au Arusha, na Kiingereza ndicho kinachobeba mapenzi yao, ugomvi wao, mipango yao. Kijerumani kikianza kutatiza, wanarudi kwenye Kiingereza baada ya dakika mbili. Ni jambo la kibinadamu, wala si la kulaumiwa, ila linamaliza muda.

Kinachofaa ni mume ajifanye mtu baki. Achukue kadi zenye neno moja moja, mfano "Jumapili" chini ya mada ya manunuzi, mke aulize swali kutokana na neno hilo, naye ajibu, kisha wabadilishane. Dakika chache, bila Kiingereza, bila kusahihisha mpaka wamalize. Baada ya hapo waendelee na maneno yao ya mke na mume.

Na kuna msaada ambao hautaki Kijerumani hata neno moja, nao ndio unaokosekana zaidi. Binti anaishi kwa mama yake Mbagala. Anapanda gari mbili kwenda darasani Upanga na mbili kurudi. Anafika nyumbani giza limeingia, vyombo vinamsubiri, wadogo zake wanataka kusaidiwa kazi za shule, na televisheni iko sebuleni anakolala. Familia hiyohiyo iliyochanga laki kadhaa kwa ada haioni ubaya wa kumtuma dukani wakati anasikiliza zoezi. Ukimwuliza mama, atakwambia mtoto anasomeshwa, ada imelipwa. Lugha inataka utulivu wa saa moja kila siku kuliko inavyotaka ada, na utulivu huo katika nyumba zetu ni lazima mtu mzima auamuru. Baba akisema kuanzia saa mbili hadi saa tatu huyu haguswi, hakuna atakayemgusa. Sijui ni kwa nini jambo hili huwa gumu kuliko kuchangisha pesa.

Kwa aliyejitahidi na bado anashindwa, Ujerumani kuna kauli ya mahakama ambayo familia nyingi hapa hazijawahi kuisikia. Tarehe 4 Septemba 2012 mahakama yao ya juu ya kesi za utawala, ile ya Leipzig, iliamua kwamba mwenzi wa raia wa Ujerumani asizuiliwe viza kwa ajili ya lugha ikiwa kujifunza huko kwao hakuwezekani au hakustahimiliki, au amejitahidi ipasavyo mwaka mzima bila kufikia kiwango. Neno zito hapo ni "ipasavyo". Lazima uonyeshe. Basi tunza risiti za kozi, barua za kujiandikisha, matokeo ya mitihani uliyoanguka. Waswahili tuna tabia ya kuchana karatasi ya kufeli, na hapa karatasi hiyo ni ushahidi wako.

Uingereza sitakaa sana. A1 yao kwa mwenzi inapima kuongea na kusikiliza tu. Kwenye mtihani wa IELTS Life Skills wanaingia watahiniwa wawili kwa mtahini mmoja, kwa dakika 16 hadi 18, na sehemu yake mnazungumza ninyi wawili kwa wawili. Huwezi kukariri atakachosema mtu usiyemjua. Ukishafika, ngazi inapanda: A2 baada ya miaka miwili na nusu, B1 unapoomba ukaazi wa kudumu. Kwa kweli, mtihani mgumu wa nchi ile uko kwenye hati ya mshahara ya mwenyeji, ambaye tangu Aprili 2024 anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka.

Sasa zile za kukariri. Waholanzi wana sehemu ya kuijua jamii yao ambayo maswali 100 yametolewa hadharani, na siku ya mtihani unaulizwa 30 kati ya hayo. Wajerumani, kwa wanaotaka uraia, wana maswali 310: 300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo unaloishi. Unapewa 33 kwa saa moja. Ukipata 17 umefaulu, na kwa wanaomaliza tu kozi ya kujumuika, ile ya kuwafundisha wageni lugha na nchi, 15 yanatosha. Wamarekani wamebadilisha wao: anayeomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anajiandaa kwa maswali 128, anaulizwa hadi 20, anatakiwa apate 12. Waingereza hawachapishi maswali, lakini yote 24 yanatoka kwenye kitabu chao rasmi kimoja, dakika 45, na lazima upate 18.

Mtu aliyepita mikononi mwa Baraza la Mitihani la Tanzania hana cha kuogopa hapo. Hata hivyo ndiyo mitihani inayosimuliwa kwenye vijiwe kwa kutikisa vichwa, eti Wazungu wanataka uijue historia yao yote. Hawataki hivyo. Wanataka ujue majibu yaliyochapishwa. Na hapa familia iliyobaki Dar inaweza kusaidia kuliko mtu yeyote, maana maswali yanatafsirika na yanafaa kujadiliwa kwa Kiswahili kwanza. La kwanza kabisa kwenye orodha ya Wajerumani linauliza kwa nini nchini mwao watu wanaruhusiwa kuisema Serikali waziwazi. Jibu ni kwamba kuna uhuru wa maoni. Jingine linauliza ni sababu gani haikubaliki kumfukuza mwanamke kazini, na jibu ni kwamba ana mimba na bosi anajua. Ukilisoma hilo la pili na mdogo wako anayefanya kazi dukani Kariakoo, mtaongea mpaka chakula kipoe, na hutalisahau jibu. Mke akiwa Hannover na kozi ya saa 600 za lugha na 100 za kuijua nchi, kuongea na dada yake kwa lugha ya mama juu ya maswali hayo kunamfaa kuliko kuyasoma peke yake kwenye treni.

Ila ajue anakwenda wapi. Kufaulu yale 17 ndiyo hatua ya kuuomba uraia wa huko, na Tanzania hairuhusu mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili. Ujerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 haimtaki mtu auache uraia wake wa zamani. Ni sheria yetu ndiyo inayomtoa. Suala la hadhi maalum kwa Watanzania wa ughaibuni limekwenda mbali, lakini hadhi si uraia. Kama binti ana kiwanja Kigamboni kwa jina lake, hilo liongelewe kabla ya mtihani, siyo baada ya kiapo.

Na wale wa "cheti ninakupatia, wewe leta picha na pasipoti"? Wapo, na wanalijua soko lao, yaani mtu aliyefeli mara moja na mume anayeuliza kila siku. Uingereza mtu akibainika ametumia hati ya udanganyifu kwenye maombi anaweza kufungiwa miaka kumi. Ndoa changa haistahimili miaka kumi ya video.

Nimewasema sana Wazungu. Sasa tuje kwetu, kwa sababu Dar imejaa mashemeji wa kigeni wanaotaka kuwa Watanzania, na wao nao wana wenzi wanaotaka kuwasaidia.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inawagawa kwa jinsia. Kifungu cha 11 kinampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote katika uhai wa mumewe. Mwanamume aliyemwoa Mtanzania hana kifungu chake. Anapita njia ya kila mgeni: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka kumi iliyotangulia hiyo awe ameishi jumla ya miaka isiyopungua saba, ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, awe ameuchangia au ataweza kuuchangia uchumi, sayansi au utamaduni wa taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Anatangaza gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Maombi yanapita mikononi mwa Uhamiaji mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye halazimiki kutoa sababu akikataa.

Tazama hilo la lugha. Sheria inasema Kiswahili au Kiingereza. Nchi inayoipigia debe lugha yake mpaka UNESCO, ikapewa Julai 7 iwe siku yake, inakubali kwenye karatasi kwamba mtu anaweza kuwa raia bila Kiswahili. Lakini karatasi haiongei na mwenyekiti wa mtaa. Mikutano ya mtaa ni Kiswahili, ofisi ya kata ni Kiswahili, na atakayeulizwa habari za mgeni huyo ni jirani anayejua Kiswahili. Mwombaji hapewi kijitabu cha maswali wala kiwango cha alama. Anayekwenda Uholanzi anajua maswali yake 100. Mgeni wa Tabata hajui hata moja.

Kwa hiyo kumwandaa shemeji ni kazi ya aina ya tatu, na makosa ya wenzi wetu ni yaleyale ya mume wa Hannover yakiwa yamegeuka. Mke wa Kitanzania anamjibia mumewe kila kitu. Fundi akija, mke anaongea. Mjumbe akipita, mke anaongea. Bwana amekaa Tabata miaka na miaka, Kiswahili chake ni cha kuagiza, leta hiki, simama hapa, bei gani. Kuamkia wazee hajui, na akiulizwa ametoka wapi na anafanya kazi gani anamtazama mkewe. Mwanamke huyo anadhani anamstahi mume. Amwache ahangaike. Aende mwenyewe serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, aende msibani akae na wanaume wenzake nje, asikie habari za Simba na Yanga, aulizwe maswali ya kipuuzi, ajibu kwa Kiswahili kibovu. Mwenyekiti wa mtaa akiulizwa juu yake, awe na la kusema zaidi ya kwamba yule Mzungu wa nyumba ya geti jeusi.

Hiyo ndiyo njia iliyopo, na inafanya kazi kwa mtu mchangamfu. Kwa mtu mpole, au anayefanya kazi migodini na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, si haki. Uhamiaji wangeweza kuchapa kijitabu chembamba cha maswali: Uhuru wa Tanganyika 1961, Muungano wa Aprili 26, 1964, Katiba ya 1977, Bunge na Baraza la Wawakilishi vinatofautianaje, mwenyekiti wa mtaa anachaguliwa na nani, haki ya mwanamke kumiliki ardhi. Kiwe kwa Kiswahili, na mtihani uwe kwa Kiswahili, wa kuongea, kwa kiwango kilichotajwa. Watu watakikariri, sawa, wakikariri watakuwa wamekisoma. Na sheria ikishafunguliwa kwa ajili hiyo, kifungu cha 11 nacho kiguswe: Mkenya aliyemwoa Mtanzania apate kuomba kwa njia ileile aliyopewa Mkenya aliyeolewa na kaka wa Mtanzania huyo. Kwa hilo muswada hauhitaji kurasa nyingi. Kubadili neno "mwanamke" liwe "mwenzi", na "mume" vilevile, kunatosha.